Klachi ya gari lililoongezwa nguvu: je, inayoshika zaidi ndiyo bora?

Gari likishawekewa tabo au programu mpya ya injini, klachi ya kiwandani ndiyo hulalamika kwanza. Uko gia ya nne, unakanyaga mafuta kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mshale unaruka hadi 4,000 na mwendo haujasogea. Hapo utaambiwa na karibu kila mtu: funga pleti ya seramiki ya pedi sita (vipande sita vigumu vya msuguano), isiyo na springi za kupunguza mshtuko, umalize kazi. Anayependekeza pleti ya ogani (yenye kitambaa laini cha kawaida) na presha pleti (sahani yenye springi inayoikandamiza pleti) iliyoongezwa mkandamizo kidogo huonekana mwoga au bahili. Lakini piga hesabu kwanza.

Toki (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa niutoni mita, Nm) ambayo klachi inaweza kuhimili ni idadi ya nyuso zinazosuguana, mara msuguano wa kitambaa, mara mkandamizo wa presha pleti, mara nusu kipenyo cha wastani. Chukua pleti moja, yaani nyuso mbili, msuguano 0.3, mkandamizo wa niutoni 6,000 na nusu kipenyo cha mita 0.095. Unapata Nm 342. Injini iliyoongezwa hadi Nm 330 tayari iko ukingoni, na joto kidogo tu litaifanya iteleze. Sasa pandisha mkandamizo kwa asilimia 25, kitambaa kibaki kilekile cha ogani: Nm 427. Hiyo ni akiba ya karibu asilimia 30 juu ya injini, na kwa gari la barabarani inatosha.

Weka seramiki yenye msuguano wa 0.4 kwenye presha pleti hiyohiyo, utapata Nm 570. Injini inatoa 330. Hizo 240 zilizobaki zina kazi gani?

Kazi yake huonekana dereva anapoachia pedali ghafla. Wakati huo giaboksi haipokei toki ya mafuta yanayowaka peke yake, inapokea pia nguvu iliyohifadhiwa kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Tuseme flaiwili na krankshafti (mhimili mkuu wa injini) kwa pamoja zina inesha (ukinzani wa kubadilishwa mwendo wa kuzunguka) ya kg·m² 0.15, na klachi inazishusha mizunguko 3,000 ndani ya sekunde 0.2. Hiyo peke yake ni takriban Nm 235. Jumlisha 330 za injini, umefika 565, na seramiki itazipitisha zote bila kuteleza. Ogani ingefika 427, ikateleza, ikanuka kidogo, na mizunguko ikashuka taratibu zaidi. Kwa maneno mengine, uwezo wa klachi ndio kikomo cha kipigo ambacho giaboksi inaweza kupata kutoka upande wa injini. Gia ya kwanza ya 3.5 na difu ya 4 huzidisha toki mara 14: Nm 565 zinakuwa zaidi ya 7,900 kwenye ekseli, dhidi ya takriban 6,000 za ogani. Tairi zikiteleza mapema zinakuokoa. Zikiwa pana na lami ikiwa kavu, kitakachokatika ni meno ya gia au jointi ya ekseli, na klachi yenyewe itatoka humo nzima kabisa.

Upande wa pili una haki yake. Ogani ikichemshwa mara kwa mara kwa kuondoka kwa kishindo, uso wake unang'aa kama kioo na kushika kwake hakurudi. Seramiki huvumilia joto hilo, na pleti ya pedi huwa nyepesi, hivyo sinkro (vifaa vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) hazihangaiki gia zikibadilishwa kwenye mizunguko ya juu. Gari la mashindano liwe nayo. Lakini kwenye foleni au ukirudi nyuma kupanda mlima, huwezi kuisawazisha nusunusu: inashika au inaachia, na gari linatetemeka. Toki ikizidi sana kile ambacho ogani moja inaweza kubeba, pleti mbili zenye nyuso nne ni jibu la kistaarabu zaidi, ingawa ni ghali na nyingi hugongagonga zikiwa huru.

Presha pleti nzito nayo si ya bure. Kila ukikanyaga pedali, mzigo wake hupitia rilizi beringi (beringi inayoisukuma presha pleti iachie) na kuisukuma krankshafti dhidi ya thrasti washa (vipande vinavyoizuia isisogee mbele na nyuma). Kwa hiyo usipandishe mkandamizo kuliko hesabu inavyodai, na kama gari linaruhusu, liwashe likiwa huru bila kukanyaga klachi, kwa sababu wakati huo oili bado haijafika kwenye washa hizo.

Unaponunua, taja toki, usitaje nguvu farasi. Injini ya tabo hutoa toki ya juu katikati ya mizunguko, na hapo ndipo klachi hushindwa. Majina ya hatua (stage) ya 1, 2 na 3 yanayoandikwa kwenye klachi hayana kipimo cha pamoja. Kila mtengenezaji ana yake. Flaiwili ikichongwa, kama ina ngazi, uso wa msuguano na uso wa boliti vichongwe kwa kiasi kilekile, la sivyo mkandamizo utabadilika. Sili ya nyuma ya krankshafti ibadilishwe giaboksi ikiwa chini, kwani tone la oili linatosha kuharibu ogani mpya. Kisha iendeshe taratibu kilomita 500 hadi 800, kwa kusimama na kuondoka mara nyingi, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho. Ikiteleza baada ya hapo, angalia kwanza kama pedali ina mchezo wake na kama masta silinda (pampu ya oili inayosukumwa na pedali ya klachi) inaachia oili irudi, kabla ya kushusha giaboksi tena.