Koili Nayo Ina Kufu Yake

Huku pwani, posa haikubaliwi kabla ya wazee kuuliza habari za kufu. Ningependa swali hilo liulizwe pia katika gereji za Malindi kabla ya fundi kuchukua koili ya pikipiki moja na kuifunga kwenye nyingine, kwani nilipoteza miezi minne nikitafuta ugonjwa wa Honda C70 niliyorithi kwa ami yangu, ilhali kila kifaa kilichokuwemo kilikuwa kizima. Tatizo ni kwamba havikuwa vya ukoo mmoja.

C70 ile ni ya volti 6 na cheche yake hutegemea platini, swichi ndogo ya kukata umeme: flaiwili, gurudumu zito la injini lenye sumaku, huzalisha umeme inapozunguka, platini hufunguka ghafla, na koili huupandisha umeme huo hadi ukaruka kwenye plagi. Bodaboda zilizojaa mjini leo hutumia CDI, kisanduku cha kielektroniki kisichohitaji platini, ambacho huhifadhi umeme katika kapasita na kuuachilia kwa mpigo mmoja wa zaidi ya volti 100. Koili za mifumo hii miwili hufanana kwa umbo, lakini ile ya CDI imesukwa kwa ajili ya mpigo huo mkali. Ukiilisha umeme wa platini hutoa cheche dhaifu ya manjano, inayotosha kuiwasha injini asubuhi na kushindwa ikishapata moto. Yangu ilinizimikia karibu na daraja la Sabaki, nikirudi kutoka Mambrui, si mara moja wala mbili.

Flaiwili ndiyo iliyotupoteza zaidi. Ya asili ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi, basi fundi akaleta ya injini nyingine, nayo ikakaa vizuri kwenye mhimili. Akapima mwanya wa platini, akaoanisha alama ya F ya flaiwili, ya pale cheche inapopaswa kuruka, na ile ya kwenye bodi ya injini, akaridhika. Alama hiyo, hata hivyo, huonyesha mahali ilipo pistoni tu. Haisemi sumaku ziko wapi platini inapofunguka. Umeme hupaswa kukatwa ukiwa kileleni, na sumaku zikiwa zimewahi au kuchelewa kidogo, taimingi, yaani wakati wa cheche, huwa sahihi lakini cheche haina nguvu. Fundi akailaumu kabureta, kisha petroli, kisha, kwa heshima zote, marehemu ami kwa kuiacha pikipiki bila kuendeshwa.

Simlaumu sana, kwa kuwa spea za bodaboda zipo kila duka na za pikipiki kuukuu ni za kuwinda. Ninachokipinga ni ile kauli ya gereji kwamba kinachoingia ndicho. Hata CDI mbili zenye soketi ya aina moja huweza kutofautiana, moja ikilishwa na koili iliyo chini ya flaiwili na nyingine na betri. Anayetaka volti 12 na abadilishe mfumo wote pamoja na nyaya zake. Anayebaki na platini na atafute flaiwili, sahani iliyo chini yake inayobeba platini, na koili, vyote vilivyotoka katika injini moja.

Mimi nilivipata vya namna hiyo, nikaongeza kondensa mpya, ile kapasita ndogo ya platini. Sasa huenda Mambrui na kurudi bila kuzimikiwa. Usiku taa hufifia kila ninaposimama kwenye barabara ya Lamu, na vijana wa stejini hunishauri niweke betri ya volti 12. Nimewakatalia.