Duka la Ami Likajaa Koni

Kompyuta ya dukani kwa Ami, hapa Chake Chake, ina paswadi ambayo hakuna kiumbe Pemba nzima anayeijua. Aliyeiweka ni fundi, na fundi mwenyewe yuko Maskati, simu hapokei. Kuitumia utaitumia, lakini ukitaka kuingiza programu mpya inakudai paswadi ya mkubwa, na mkubwa ndiyo huyo kesha vuka bahari. Windows yenyewe ni 7, ile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020. Ami haoni tatizo.

"Mie pia sihudumiwi na mtu," anasema, "na kazi nafanya."

Mtoto wa shangazi yangu, anayesoma chuo Unguja, alipokuja likizo akatuletea dawa: flashi yenye programu za kubeba. Hizi huziingizi kwenye kompyuta. Zinakaa kwenye folda yao, unazifungulia humo humo, na paswadi haiulizwi. Mlikuwa na LibreOffice ya barua, SumatraPDF ya PDF, na VLC ya video, ambayo alisema ya kazi lakini tuliangalia magoli tu.

Ila Ami hakupenda ile ya kufungua flashi, kisha folda, kisha programu, ndipo uanze kutafuta faili la mteja. Yeye anataka abonyeze faili mara mbili lifunguke, basi. Binamu akaiamrisha kompyuta: PDF zote kuanzia leo fungulia hii ya kwenye flashi, barua zote fungulia ile. Akatia tiki pale pa daima. Wallahi tukastarehe, Ami akawa anabonyeza huku anakunywa kahawa.

Likizo ikaisha. Binamu akachomoa flashi yake, akaitia mfukoni, akapanda daladala kwenda Mkoani kuwahi meli.

Asubuhi hiyo hiyo akaingia mama mmoja wa Wawi, shangazi wa bibi harusi, na kadi ya mwaliko kwenye flashi yake. Anataka kopi mia mbili, na watu wa kuzigawa wanamsubiri. Nikabonyeza kadi. Kompyuta ikaniuliza nataka niifungulie kitu gani. Nikajaribu barua iliyokuwemo humo tangu juzi, swali lile lile.

Nikampigia binamu. Yuko gatini.

"Lo! Kaka, flashi ninayo mimi!"

Akampa utingo wa gari inayorudi Chake, na yule utingo namshukuru mpaka leo, kwani flashi ilifika haraka, ndani ya mfuko wa sambusa, imepata mafuta kidogo. Nikaifuta, nikaichomeka, nikabonyeza kadi. Vilevile!

"Flashi ya mama ishaingia kabla?" binamu akauliza.

"Imo."

"Basi mtoe mama!"

"Nimtoe vipi mteja, yakhe?"

"Flashi ya mama!"

Kumbe kompyuta ilikuwa haiitafuti flashi yetu kwa sura wala kwa jina. Ilikariri kwamba programu ziko kwenye E, na E sasa kaishika mama, sisi tumesukumwa F. Ni sawa na kumtumia mtu salamu kwa kutaja kiti anachokalia barazani: akiondoka akakaa mwengine, salamu kazipata huyo. Dawa aliyonipa binamu ni kuihamishia kadi ndani ya kompyuta, kuchomoa flashi zote mbili, kisha kuichomeka yetu peke yake, huenda ikarudishiwa E. Nikafanya hayo, na kabla sijabonyeza, ikaadhiniwa Adhuhuri. Nikamwachia Ami duka.

Niliporudi, Ami alikuwa amesimama nje ya duka lake mwenyewe.

Ndani, kila picha kwenye skrini ilikuwa koni ya chungwa, ile alama ya VLC, koni wanazopanga barabara ikitengenezwa. Printa koni, intaneti koni, hata kikokotoo koni. Ukibonyeza yoyote inafunguka VLC na kutaka kuicheza.

"Kwani njia imefungwa?" mama wa Wawi akauliza.

"Mie nimetia tiki tu," Ami akasema kutoka nje, "pale alipotia mwenzio."

Alichobonyeza ni njia ya mkato ya kadi, yaani picha inayokuelekeza tu kwenye kadi yenyewe, sijui aliitengeneza vipi, akachagua VLC kwa sababu ndiyo anayoijua. Basi tiki ikazikamata njia za mkato zote, na picha za kwenye skrini karibu zote ndizo hizo. Mzee aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akatazama, akasema huu si ugonjwa wa fundi, na yeye anamjua mtu. Ami akaanza kumsikiliza.

Nikapiga simu tena. Meli inang'oa nanga.

"Bonyeza kitufe cha Windows na R. Andika regedit. Hiyo haina njia ya mkato, itafunguka. Shuka mpaka FileExts, tafuta nukta lnk, ndiyo njia za mkato hizo, ndani yake futa..."

Mtandao ukakata.

"Futa nini?" Nikabaki napigia kelele simu iliyokufa.

Ndani ya nukta lnk mna vitu vitatu. Ami akasema nifute vyote. Nikavifungua kimoja kimoja, na kile cha UserChoice nikakikuta kimeandikwa vlc bila haya. Nikabismillahi, nikafuta hicho, nikazima kompyuta, nikawasha. Koni zikaondoka zote.

Mama wa Wawi, aliyekaa muda wote huo na mkoba mapajani, ndiyo akaniuliza: "Mwanangu, hizo programu lazima zikae kwenye flashi? Humo ndani ya kompyuta hamna nafasi?"

Imo nafasi tele. Nikaikopi folda nzima kwenye Documents, paswadi haikuulizwa, nikatia tiki upya kuelekea huko. Kadi mia mbili zikatoka, na Ami akamtoza mama bei kamili, ushauri hakuupunguzia hata shilingi.

Usiku binamu akapiga simu kutoka Malindi, bandarini Unguja, sauti imemkauka. Utafiti wake wa chuo, anaotakiwa kuuwasilisha kesho, umo kwenye ile flashi.

Nikamgeukia Ami. Ami akashusha miwani.

"Muulize ni kurasa ngapi. Na anataka za rangi au nyeusi?"