Tozo ya barabara: abiria wa Hiace atapitia wapi?

Nimesoma habari kwamba inapimwa kama barabara za kulipia zinaweza kugharamia barabara kuu za Tanzania. Naomba wapimaji wasihesabu magari tu. Mimi napeleka ndizi kutoka Moshi hadi soko la Kilombero, Arusha, mara tatu kwa wiki. Pale Kikafu, njiani, tukikuta lori la saruji linapanda, foleni nzima inatambaa nyuma yake, na ndizi zilizoiva zinachubuka ndani ya kenta. Barabara ya njia nne ningeilipia kwa moyo mweupe.

Lakini tayari tunalipa! Kila lita ya mafuta ina tozo ya Mfuko wa Barabara, na 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa, fidia yake iliwekwa kwenye mafuta. Nairobi barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27, sehemu yake imejengwa juu, na asiyetaka kulipa anapita barabara ya zamani bure. Hapa kwetu, kwenye safari ya Moshi hadi Arusha, kutoka Boma Ng'ombe hadi Usa River njia kuu ni moja tu. Mama mwenye ndoo ya parachichi kwenye Hiace atapitia wapi? Nauli ikipanda, anayelipa ni yeye.