Vigae au mbao: sakafu ya madhabahu kwa mfuko mdogo

Kikao cha kamati ya ujenzi kilichopaswa kwisha saa kumi jioni kiliisha saa mbili usiku, na ajenda ilikuwa moja tu: madhabahu iwekwe nini chini. Wazee walitaka vigae. Mwalimu wa kwaya alitaka mbao. Mtunza hazina alitaka watu waende nyumbani. Kanisa letu liko mlimani, hapa Mwanza ambako kiwanja kisicho na jiwe ni cha kuhadithia, na fedha iliyokuwa mfukoni ilitosha kufanya jambo moja vizuri au mawili ovyo.

Tangu siku hiyo nimezunguka makanisa ya jirani nikikanyaga madhabahu za watu na kuzigonga kwa funguo. Mlinzi mmoja alinitazama sana.

Tuanze na vigae, kwa sababu ndivyo vinavyoshinda kwenye kura nyingi. Husemwa vinashinda kwa uimara, lakini mimi naona vinashinda kwa sababu vinahesabika. Madhabahu yetu ni futi 24 kwa 16, yaani kama mita za mraba 36. Ongeza asilimia kumi ya kukatwa na kuvunjika, unafika kama 40. Ukishajua boksi moja lina mita ngapi, Jumapili unasimama na idadi kamili mkononi. Mama wa genge anaahidi boksi. Vijana watatu wa bodaboda wanachangia boksi. Baada ya wiki chache stoo imejaa, na kila mtu anajua kipande chake kilipo. Sijawahi kuona mtu akisimama mbele ya kanisa kuahidi msasa.

Hoja hiyo si ndogo, na wanaoibeza hawajawahi kukusanya michango. Ongeza kwamba kigae kinadekiwa kwa dakika kumi na mchwa hana habari nacho.

Shida ya kigae iko chini yake. Kuinua eneo hilo futi mbili kunataka karibu mita za ujazo 22 za kujazia. Mawe tunayo, tena mengine ni ya kung'olewa hapo hapo kiwanjani, kwa hiyo kwa mkazi wa hapa msingi wa mawe ni nafuu kuliko kwa mtu wa nchi tambarare. Lakini kifusi kinatakiwa kimwagwe kwa tabaka za kama sentimita 15, kimwagiwe maji na kushindiliwa, kisha tabaka jingine. Fundi mwenye haraka hujaza chote kwa mkupuo, anaweka zege juu, na mwaka unaofuata kifusi kinakaa, zege linabaki likining'inia. Halafu kuna ule mtindo wa kubandika kigae kwa mabonge manne ya saruji kwenye kona, katikati mvungu. Hapo ndipo funguo zinapofanya kazi. Penye saruji iliyojaa, sauti ni fupi na nzito. Penye mvungu panalia kama debe. Katika kanisa moja nilikuta kigae kimoja tu kimepasuka madhabahu nzima, na juu yake ulikuwa umesimama mguu wa ngoma kubwa ya dramu.

Kuna na mambo ambayo wazee hawakuyataja. Kigae cha kung'aa kikidondokewa na mafuta ya upako ni hatari kwa mwenye viatu vya visigino. Kwenye ibada za maombi watu wanapiga magoti hapo saa nzima, wengine wanalala kifudifudi. Sauti nayo inagonga chini na kurudi, maiki inaanza kupiga miluzi, na fundi mitambo ndiye anayelaumiwa.

Mwalimu wa kwaya alilisema lake kwa ufupi: "Baba Mchungaji, wewe unasimama. Sisi tunaruka." Kwaya za huku hazisimami kama nguzo, pambio likikolea watu thelathini wanatua chini kwa pamoja. Mbao inapokea mguu, inanesa kidogo. Zege hainesi, goti ndilo linalopokea.

Kwa mbao hesabu inapendeza. Karatasi ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8, kwa hiyo 12 zinafunika madhabahu yetu yote bila kipande cha kutupa. Mbao za kubebea zikipangwa kila inchi 16, kila ncha ya karatasi inaangukia juu ya mbao, maana inchi 96 zinagawanyika kwa 16. Chukua plaiwudi ya milimita 18, ufunge kwa skrubu. Misumari italegea, na sakafu italalamika mchungaji akitembea. Acha nafasi ya kama milimita tatu kati ya karatasi na karatasi, kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei zitazivimbisha. Nyaya zinapita chini bila kupasua kitu. Na kama kanisa limepanga ukumbi, siku ya kuhama mnafungua skrubu mnaondoka na madhabahu yenu. Kwa waliopanga, sioni hata sababu ya mjadala.

Mbao ina deni lake pia. Ina uwazi chini, kwa hiyo hatua zinavuma; vipande vya zulia kuukuu kati ya mbao na plaiwudi vinapunguza, haviondoi. Mchwa anahitaji njia moja tu, kwa hiyo miguu ikae juu ya mawe au zege, isiguse udongo, na mbao ziwe zimetiwa dawa. Paini inavunwa mkoani humu humu, Buhindi kule Sengerema na Rubya kule Ukerewe, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo wa kutoka upande wa Sengerema hausubiri tena kivuko. Ila kufika haraka si kukauka. Mbao mbichi ikifungwa leo, kufikia Agosti imejipinda.

Deni kubwa zaidi ni umaliziaji, na hapa ndipo bajeti nyingi za mbao zinapofia. Ngozi ya juu ya plaiwudi ni nyembamba, mara nyingi haifiki milimita moja. Fundi akiingia na mashine yenye msasa mkali anaichuna hadi tabaka la chini, na hakuna vanishi itakayoficha kidonda hicho. Msasa namba 120 unatosha, kisha 180, kwa kufuata mkondo wa mbao. Ziba vichwa vya skrubu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, usubiri pakauke. Koti la kwanza la vanishi lichanganywe na thina kidogo ili lizame. Kesho yake sugua kidogo kwa namba 240, futa, paka la pili, halafu la tatu vivyo hivyo. Chagua isiyong'aa, hasa kama ibada inarushwa mtandaoni, la sivyo kila taa ya juu itaonekana mara mbili.

Mbele ya mimbari patachakaa kwanza. Habari njema ni kwamba utasugua na kupaka hapo tu. Kigae kilichopasuka kinataka mwenzake wa toleo lile lile, naye dukani alishaisha. Wenye akili huficha boksi moja.

Kanisa lenye hati yake na mawe yake, mimi ningelishauri lijaze mawe, limwage zege, lipige niru safi, yaani saruji iliyolainishwa juu ya zege, na vigae visubiri mavuno mengine. Upande wa kwaya liweke jukwaa la plaiwudi la futi 8 kwa 16, karatasi nne tu. Wazee hawakulipenda pendekezo hili, walisema niru ni ya sebule ya bibi. Ni kweli, na ya bibi yangu bado ipo.

Kamati ilikubali jukwaa la kwaya, ya niru ikaahirishwa. Tutapaka Julai, mvua zikiwa zimekatika: koti la kwanza Jumapili baada ya ibada, la tatu Jumanne. Jumapili inayofuata waimbaji watapanda bila viatu, na dramu zitabaki chini wiki moja zaidi.