Nalipa Fedha Kuufukarisha Udongo

Udongo wa Kampala, ukiangusha mbegu ya papai kwa bahati mbaya, utakudai urudi kuvuna. Hata nguzo ya ua hapa ikichomekwa mbichi hutoa majani. Sasa niulizeni ni kwa nini mimi, mtu mzima mwenye karo za kulipa, ninakaa uani na nyundo nikitafuta namna ya kuufukarisha udongo huo.

Sababu ni mishubiri na jamaa zake wenye majani manene, ambao mke wangu amewapanga barazani. Mimea hii huweka akiba ya maji majanini, kwa hiyo mizizi yake haitaki kulala majimaji; ikikosa hewa huoza, na mmea hulegea kuanzia chini huku juu ukiendelea kupendeza kinafiki. Nasi tuna misimu miwili ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na hata baina yake Ziwa Victoria halituachi bila radi.

Dawa ni kuchanganya sehemu 1 ya udongo mweusi na sehemu 2 za vitu vya chengachenga visivyo na rutuba, ambavyo hata muhogo ungevilalamikia. Hapo ndipo mfuko unapoanza kuvuja. Muuza mchanga ukimwagiza wa punje kubwa huitikia kwa adabu zote, kisha hukuletea ule laini wa plasta, ambao ukikutana na udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi huziba kila mwanya na kuzaa kitu cha kujengea ghala. Kinachotakiwa ni vipande vya milimita 3 hadi 6. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu yangefaa sana, na kule Kisoro, chini ya Mlima Muhavura, watu huyakanyaga tu, lakini nauli ya kwenda na kurudi ingetosha kununua mbuzi. Basi ninavunja matofali ya kuchoma, ninachekecha ili vumbi lisirudi kuziba, kisha ninaongeza chenga za mkaa. Jirani huuliza ninajenga nini. Nikimweleza, hunipa pole.

Washauri nao hawakosi. Mmoja anataka ninunue vemikulaiti kwa kuwa huchimbwa hapa hapa nchini, kule Namekara, mashariki. Uzalendo ni jambo jema, ila madini hayo yanasifika kwa kunyonya maji na kuyashikilia, nami ninatafuta cha kuyafukuza. Mwingine hudai kwamba tabaka la kokoto chini ya chungu latosha. Halitoshi, kwa sababu maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe uwe chepechepe. Tabaka hilo huusogeza tu utopetope karibu na mizizi.

Kisha akaja shangazi kutoka Masaka.

“Mwanangu, hata maji mnavinyima vimea hivi?”

“Shangazi, hivi hunyweshwa udongo ukikauka kabisa.”

“Kwetu hata ng'ombe wa jirani hupewa maji.”

Akamwaga jagi zima. Siwezi kumkemea dada wa baba yangu kwa ajili ya mshubiri. Maji yalipita kwenye mchanganyiko wangu bila kusita, yakatokea tunduni kama nilivyokusudia, yakaingia moja kwa moja kwenye viatu vyangu vya kazini vilivyokuwa vimeanikwa chini ya rafu.