Peter Drucker hakuwahi kuuacha uandishi wa habari

Septemba 1929, kijana wa miaka 19 mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa akiishi Frankfurt, Ujerumani, alichapisha makala iliyosheheni hesabu akionyesha kwamba bei za hisa za New York zingezidi kupanda tu. Majuma machache baadaye soko likaporomoka. Kijana huyo, Peter Drucker, alikuja kukisimulia kisa hicho mwenyewe baada ya kujijengea jina, wala hakujitetea. Utabiri wa soko la hisa aliuacha.

Wanaosomea uongozi wa biashara wanamjua Drucker kama profesa, baba wa elimu ya menejimenti. Mimi namsoma kama mwandishi wa habari za biashara ambaye nyenzo zake zilibaki zilezile hadi mwisho: kwenda mahali, kuuliza, kusikiliza, kisha kuandika kwa lugha ambayo hata asiyesoma uchumi ataielewa.

Gazeti alilofanyia kazi Frankfurt lilitoka alasiri, kwa hiyo kazi ilianza saa 12 asubuhi. Akiwa na miaka 20 na kidogo alikuwa tayari mhariri, anaandika leo fedha, kesho mambo ya nje. Mhariri mkuu alikuwa na desturi ambayo natamani kila chumba cha habari kingekuwa nayo. Mara mbili kwa mwaka, baada ya Mwaka Mpya na kabla ya likizo ya Juni, aliketi na vijana wake Jumamosi alasiri na Jumapili nzima wakipitia kazi ya miezi 6. Walianza na waliyoyafanya vizuri, wakaishia kwa yale waliyoyaharibu, na hapo mzee hakumwonea mtu haya. Saa mbili za mwisho zilikuwa za kupanga: tujifunze nini, turekebishe nini.

Mwaka 1933, Wanazi waliposhika madaraka, alihamia London, na 1937 akavuka kwenda Marekani akiyaandikia magazeti ya Uingereza. Kisha, 1943, kampuni ya magari ya General Motors wakamwalika aichunguze kampuni yao kutoka ndani.

Alikaa humo takriban mwaka mmoja na nusu, akihudhuria vikao, akizungumza na mameneja, akizuru viwanda. Kitabu chake kuhusu kampuni hiyo kilipotoka mwaka 1946 kilisifu namna kampuni ilivyogawa madaraka kwa vitengo vyake, lakini kilisema pia kwamba sera za zaidi ya miaka 20 zilihitaji kuangaliwa upya, na kwamba mfanyakazi wa kiwandani apewe wajibu zaidi katika kazi yake. Wakubwa hawakufurahi. Alfred Sloan, kiongozi wa kampuni, alikichukulia kama kitu kisichokuwapo.

Drucker alialikwa, akafunguliwa milango yote, na bado akaandika alichokiona! Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Nilipoanza kwenye dawati la biashara nilifundishwa kwamba taarifa ya kampuni ikifika saa kumi jioni, kazi yangu ni kuitafutia kichwa cha habari. Faida imepanda kwa asilimia kadhaa, mkurugenzi amefurahi, picha ya watu wameshikilia hundi kubwa. Hakuna aliyenituma kuuliza faida hiyo imetoka wapi, wala karani wa tawi anaionaje. Namna hiyo msomaji anaibiwa, na mwandishi kijana anadumaa.

Wapo wasomi wanaomlaumu Drucker kwamba alipenda kisa kitamu kuliko takwimu, na kwamba baadhi ya visa vyake vililegea kwenye undani. Lawama hiyo ina haki yake. Mwandishi wa habari hana ruhusa ya kuremba. Hata hivyo, takwimu pekee zisingemwonyesha kile alichokiandika mwaka 1959 kuhusu watu ambao mtaji wao ni maarifa waliyobeba kichwani, wakati wengi bado walihesabu mashine.

Hata uprofesa haukumtoa kwenye magazeti. Kuanzia 1975 aliandika safu katika gazeti la biashara la Marekani, Wall Street Journal, kwa miaka 20. Alifariki Claremont, California, Novemba 2005, siku chache kabla ya kutimiza miaka 96.

Desturi ya yule mhariri wa Frankfurt ilimrudia akiwa tayari Marekani, miaka mingi baada ya gazeti. Tangu hapo, kila kiangazi alitenga majuma mawili kupitia kazi yake ya mwaka uliopita, akianza na aliyoyafanya vizuri, akimalizia na yale aliyopaswa kuyafanya na hakuyafanya.