DMX: albamu tano namba moja, singo sifuri kwenye kumi bora

Kila mjadala wa marapa wakubwa wa Marekani unapopamba moto, hakosekani mtu wa kumtoa rapa DMX kwenye orodha kwa hoja ya chati. Hoja yenyewe ni fupi na ina namba. Kwenye Hot 100, chati ya jarida la muziki la Billboard inayopanga nyimbo moja moja (singo), wimbo wake mwenyewe uliofika mbali zaidi akiwa hai ni "Party Up" wa mwaka 2000, nao uligota namba 27. Kumi bora hakuwahi kuikanyaga. Hata "Money, Power & Respect" wa kundi la rap The LOX, ambao yeye na Lil' Kim waliingia kama wageni tu mwaka 1998, ulipanda hadi namba 17, yaani uliupita kila wimbo aliouita wake.

Namba hizo ni sahihi, na anayezitaja hajamsingizia mtu. Swali ni zinathibitisha nini.

Chukua ukurasa wa pili wa rekodi zake, ule wa Billboard 200 inayopanga albamu. It's Dark and Hell Is Hot, Mei 1998, namba moja. Flesh of My Flesh, Blood of My Blood, Desemba mwaka huohuo, namba moja. ...And Then There Was X, Desemba 1999, namba moja. The Great Depression, 2001, namba moja. Grand Champ, 2003, namba moja. Zote tano zilianzia kileleni, hakuna iliyopanda polepole. Kabla yake hakuna msanii wa muziki wa aina yoyote ambaye albamu zake tano za kwanza zilianza hivyo. Si rapa, si bendi ya roki, si mwimbaji wa pop. Halafu huyu ndiye tunayeambiwa hakuwa na hit.

Kwa hiyo ama wanunuzi wa albamu walikuwa wamerogwa, ama chati mbili hizi zilikuwa zinapima vitu tofauti. Mimi naelemea la pili, ingawa upande wa singo una haki kuliko mashabiki wa DMX wanavyopenda kukiri.

Kuna kanuni moja ambayo wengi wameisahau. Hadi mapema Desemba 1998, wimbo haukuruhusiwa kuingia Hot 100 kama haukuwa ukiuzwa dukani peke yake kama singo. Redio zingeweza kuupiga asubuhi hadi usiku, kwenye chati usionekane. Lebo, yaani kampuni zinazotoa muziki, ziliijua kanuni hiyo na zikaitumia kibiashara: usitoe singo, anayetaka wimbo mmoja anunue CD nzima. Mfano unaojulikana ni "Don't Speak" wa bendi ya No Doubt, uliokaa wiki 16 kileleni mwa chati ya nyimbo zinazopigwa redioni bila kugusa Hot 100 hata siku moja. DMX aliingia sokoni mwishoni kabisa mwa zama hizo. Albamu yake ya kwanza ilitoka kanuni ya zamani ikiwa bado hai, ya pili ikatoka wiki chache baada ya kanuni kubadilika. Anayeilinganisha namba yake ya 1998 na ya rapa wa 2018 analinganisha mashindano yenye sheria mbili tofauti.

Lakini tusiifanye kanuni hiyo kuwa kichaka cha kujifichia. "Get at Me Dog", wimbo uliomtambulisha, ulitoka kama singo ya kuuzwa, ukapata nafasi sawa na wengine, ukafika namba 39. "Party Up" ulitoka kanuni ya zamani ikiwa imezikwa zaidi ya mwaka mzima; hakuna aliyeuzuia, na bado 27. Hapo mtu wa upande wa pili ana haki ya kutabasamu.

Namba inayonikera zaidi ni nyingine, na sioni ikijadiliwa inavyostahili. "Ruff Ryders' Anthem", wimbo ambao mtu asiyejua hata mstari mmoja wa DMX ataitikia kibwagizo chake, uliishia namba 94. Tisini na nne. Ulipokuwa mpya, chati ilikuwa inatuambia kwamba Marekani ilikuwa na nyimbo 93 zilizopendwa kuliko huo. Mdundo wake uliundwa na Swizz Beatz, kijana ambaye alikuwa hajafikisha miaka 20, kwa noti chache za kibodi zinazojirudia na ngoma nzito. Hakuna kipande kilichochotwa kwenye soul ya zamani, ambayo ndiyo ilikuwa desturi ya New York. Simulizi inayojulikana ni kwamba DMX mwenyewe aliukataa mwanzoni kwa kuuona mwepesi mno. Kibwagizo kinakwenda kama amri za kwata: neno, kituo, neno, kituo, na katikati ya vituo hivyo umati unapata nafasi ya kujibu. Ni wimbo uliotengenezwa kuimbwa na watu wengi kwa pamoja. Programu ya redio ya saa nne asubuhi haikuwa mahali pake, na redio ilikuwa na uzito mkubwa mno kwenye Hot 100.

Sasa nenda Aprili 2021. DMX, jina lake halisi Earl Simmons, kijana wa Yonkers, alifariki tarehe 9 akiwa na miaka 50. Katika chati iliyofuata, "Ruff Ryders' Anthem" ulirudi Hot 100 na kufika namba 16. Kutoka 94 hadi 16, miaka 22 baadaye, bila kubadilishwa hata noti moja. Wiki hiyohiyo mkusanyiko wa nyimbo zake bora ulipanda hadi namba mbili kwenye chati ya albamu.

Jibu la haraka ni kwamba hayo ni matanga. Msanii yeyote akifa watu hurudi kumsikiliza. Kweli. Msiba huleta wasikilizaji, ila hauwachagulii wimbo. Aprili ile watu walikuwa na kazi zake zote kwenye simu, kwa bei ileile, bila meneja wa redio kati yao na wimbo. Kama Hot 100 ya zamani ingekuwa imepima mapenzi ya watu, wengi wao wangekimbilia ule wa namba 27. Uliotangulia mbele ya zote ukawa ule wa 94. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika shauri hili, kwa sababu ni wasikilizaji haohao, wakipewa kura ya moja kwa moja, waliopindua mpangilio wa chati yenyewe.

Upande wa pili una silaha moja ambayo sijaona shabiki wa DMX akiijibu vizuri, nayo ni rapa mwenzake, 50 Cent. Visingizio vyote vya kawaida, kwamba redio iliogopa lugha chafu, kwamba sauti ilikuwa nzito mno, kwamba mada zilikuwa za mtaa, vinaanguka mwaka 2003, "In da Club" ulipokaa kileleni mwa Hot 100 wiki tisa. 50 Cent hakuwa mwimbaji wa kwaya. Alikuwa na mada za mtaa kama DMX, na redio ikampokea. Mwaka mmoja kabla yake, rapa Ja Rule naye alifika namba moja kwa "Always on Time" akiwa na mwimbaji Ashanti. Sauti ya Ja Rule ilikuwa na mkwaruzo uliofanana na wa DMX kiasi kwamba DMX alimshutumu hadharani kwa kumuiga. Kwa hiyo mkwaruzo wa sauti haukuwa kizuizi. Waliofanikiwa waliongeza kitu: kibwagizo chenye melodia, sauti ya mwanamke, mdundo wa kuchezeka klabu. Huo nao ni ufundi. Kutengeneza wimbo unaomnasa mtu ambaye hakukusudia kukusikiliza, aliyekaa tu kwenye foleni ya magari, ni kazi ngumu, na DMX ama hakuiweza ama hakuitaka. Chati ya singo imeandika hilo kwa haki.

Nakubali hayo yote. Ila angalia alichokuwa anafanya badala yake.

Kwenye albamu ya kwanza kuna wimbo uitwao "Damien", ambamo anaigiza sauti mbili: yake na ya rafiki anayekuja na ahadi za fedha na umaarufu, kisha anaanza kudai malipo. Ni mazungumzo ya mtu na kishawishi chake, na DMX anaigeuza sauti ya Damien iwe laini, karibu ya kubembeleza. Miezi saba baadaye, albamu ya pili inaendeleza kisa hicho katika "The Omen", na mwaka 2001 kinarudi tena kwenye albamu ya nne. Katikati ya hayo kuna sala: sauti tupu bila mdundo, mtu anazungumza na Mungu kama anayedai maelezo. Hakuna meneja wa redio mwenye akili timamu ambaye angepiga sala ya dakika mbili baina ya matangazo ya sabuni. Na hakuna anayekifuata kisa cha Damien kwa kununua singo. Ukitaka kujua kilichompata lazima ununue albamu, usikilize kwa mpangilio, kisha ungoje nyingine. Watu walingoja. Wiki ya kwanza ya albamu ya kwanza iliuza nakala 251,000. Ya pili, katika mwaka huohuo, 670,000.

Hizo 670,000 nazo zina mizigo yake, na haki inataka isemwe. Albamu ilitoka tarehe 22 Desemba, siku tatu kabla ya Krismasi, wakati Wamarekani wananunua CD za zawadi kwa mafungu. Def Jam, lebo yake, walijua walichokuwa wanafanya. Mwaka uliofuata walirudia ujanja uleule na ...And Then There Was X, iliyotoka tarehe 21 Desemba, ikauza karibu 700,000. Ni kweli pia kwamba namba moja ya wiki ya kwanza hupima wafuasi waaminifu na matangazo kuliko inavyopima umma mzima.

Tena sifa maarufu anayopewa DMX, ya kupata albamu mbili namba moja ndani ya mwaka mmoja, ina kijitundu. Zote zilitoka 1998, ila chati iliyoiweka ya pili kileleni ina tarehe ya 9 Januari 1999. Rapa 2Pac alikuwa tayari amepata mbili ndani ya 1996, ingawa ya pili ilitoka akiwa ameshauawa. Wanaoitaja rekodi hiyo ya DMX hulazimika kuongeza maneno "akiwa hai" na kuhesabu kwa siku ya kutoka. Mimi sioni haja ya kung'ang'ania rekodi hiyo. Flesh of My Flesh ilikaa kileleni wiki tatu, hadi albamu ya kwanza ya Britney Spears ilipoiondoa mwishoni mwa Januari. Krismasi ilikuwa imepita, zawadi zimefunguliwa, na watu bado walikuwa wananunua.

Kuna namna nyingine ya kuipima hoja kwamba yote yalikuwa nguvu ya lebo: tazama ngazi za kushuka. The Great Depression ilianza kwa takriban 440,000, Grand Champ kwa zaidi ya 310,000. Mwaka 2006, akiwa ameshaondoka Def Jam, Year of the Dog... Again ilianza namba mbili. Mwaka 2012 Undisputed ilianza namba 19. Katikati ya hapo kulikuwa na jela, dawa za kulevya na miaka mizima bila kazi mpya. Kama lebo ndiyo ilikuwa inamnunulia namba moja, mteremko ungeanza siku alipoibadilisha. Ulianza mapema zaidi, albamu ya nne, bado yuko Def Jam, bado anaanzia kileleni. Mashabiki walikuwa wanapungua taratibu, na chati ya albamu ilikuwa inawahesabu hata walipopungua.

Leo mipaka baina ya kurasa hizi mbili imefutika. Tangu kusikiliza mtandaoni kuanze kuhesabiwa, albamu kubwa inapotoka nyimbo zake zote huingia Hot 100 kwa mkupuo. Septemba 2021 rapa Drake alishika nafasi tisa kati ya kumi za juu katika wiki moja. Wasikilizaji wa albamu, ambao mwaka 1998 hawakuonekana kwenye chati ya singo, sasa ndio wanaoiendesha. Wanaomhukumu DMX kwa namba 27 wanamtazama kwa macho ya zama hizi bila kumpa kanuni za zama hizi. Siwezi kusema "Damien" ungefika wapi kwa hesabu ya leo, na sidhani ungekaa kileleni wiki tisa kama "In da Club". Lakini watu 670,000 wanaobonyeza albamu moja ndani ya siku saba wasingeuacha namba 94.

Kwa hiyo atakayesema DMX hakuwa mtengenezaji wa singo, simpingi. 50 Cent alimzidi hapo, Ja Rule pia, na Jay-Z aliyekuwa naye lebo moja alikuja kuwazidi kwa mbali. Nitakayempinga ni yule anayeichukua sentensi hiyo na kuigeuza kuwa "hakuwa na wasikilizaji". Waliingia dukani, wakalipa bei ya CD nzima, mara tano mfululizo, na kwenye meza ya malipo kila nakala ilihesabiwa.